Pareto Yote Ilikuwa Moja

Tulipomzika Daktari Makori kule kwao nyuma ya Keumbu, watu wengi walisimama kumzungumzia. Mmoja alisoma vyeo vyake kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, mwingine akataja nchi alizotembelea, na mchungaji akasema marehemu alikuwa mtu wa sayansi aliyemcha Mungu. Nilikuwa nimekaa chini ya hema pamoja na wanawake wazee wenzangu, nikisubiri mtu autaje mwaka tuliofanya kazi pamoja nyuma ya duka la vitambaa mjini Kisii. Hakuna aliyeutaja. Waliokuwepo mwaka ule walikuwa wachache hata wakati huo, na sasa wengi wao wametangulia. Baada ya kutupa udongo, mjane wake alinishika mkono akaniambia kwa Ekegusii, lugha yetu, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu: "Kemunto, siku zake mbaya uliziona wewe kuliko mimi." Nilirudi nyumbani, nikakaa na maneno hayo juma zima, na ndiyo yaliyonikalisha mezani kuandika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza shule, nina cheti kizuri na sina kazi, mwalimu wangu wa sayansi aliponiambia kuna mtafiti anayetaka msichana mwenye mkono mtulivu. Nilimkuta Daktari Makori katika chumba alichokodi nyuma ya duka la Mama Savita, mama wa Kihindi, kwa sababu katika ofisi yake ya idara ya kilimo hakukuwa na nafasi wala friji, na Mama Savita alikuwa navyo vyote viwili. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja lililotazama uani. Kulikuwa na meza ya mbao iliyofunikwa kwa bati, sinki, kinu kidogo cha kaure cha kusagia majani, na kisanduku cha umeme kilichonguruma kama paka. Harufu ya vitambaa vipya ilipenya kutoka dukani, harufu ya bizari ikatoka jikoni, na sisi tukaongeza yetu ya dawa. Kati yetu na duka palikuwa na pazia tu, kwa hiyo mwaka ule wote nilifanya kazi nikisikia watu wakibishania urefu wa kitambaa cha sare za shule.

Wakati huo pareto ndiyo iliyolisha vilima vya Nyamira. Watu walichuma yale maua meupe, wakayaanika kwenye mikeka, wakayapeleka kwenye chama cha ushirika, na huko mbele yakasagwa kuwa dawa ya kuua wadudu. Sasa pareto ilikuwa inakufa. Majani yaligeuka rangi ya majivu, ukiung'oa mmea unakuta mizizi imejaa vifundo, na shamba lililokuwa jeupe mwezi wa jana linakuwa kama mahali palipopitiwa na moto. Ugonjwa ulipanda kilima baada ya kilima, haukubagua shamba la mvivu na la mwenye bidii. Daktari Makori alijua kwa nini. Miaka michache kabla ya hapo, akiwa bwana shamba kijana, alikuwa amezunguka vilima vilevile na gari la serikali lililojaa miche ya aina moja bora, akiwahimiza watu wang'oe pareto zao za zamani zilizochanganyika na kupanda hiyo. Na pareto hiyo haikupandwa kwa mbegu. Shina lilipasuliwa, kila kipande kikapandwa, kikikua nacho kikapasuliwa. Kipande cha shina ni shina lilelile. Ukiligawa mara elfu, bado una mmea mmoja uliotawanyika vilimani, na ugonjwa uliojua kuua mmoja ulijua kuua wote.

Tumaini lake lilikuwa kwamba mahali fulani, kwa bahati, pareto ya zamani ilikuwa imebaki katikati ya hii mpya, na huenda ilikuwa na damu ya kustahimili. Kwa macho huwezi kuitambua, maua yote ni meupe yenye kitovu cha njano. Tulihitaji alama iliyo ndani. Siku hizi vijana wanasoma vinasaba vyenyewe kwa mashine, lakini sisi tulichoweza kusoma ni vimeng'enya, zile protini ambazo mmea huzitengeneza kwa kufuata vinasaba vyake. Nilisaga jani kwenye kinu kilichokaa juu ya barafu ya Mama Savita, nikachovya kipande cha karatasi katika maji yake, nikakichomeka ndani ya kitu kama jeli kilichogandishwa kwenye sinia la kioo. Jeli hiyo tuliipika kutokana na unga mweupe wa agari, na Daktari aliniambia unatengenezwa kwa mwani mwekundu wa baharini. Mimi sikuwa nimewahi kuiona bahari, nikaushangaa mwani unaosafiri mpaka Kisii kuja kupima pareto. Kisha tulipitisha umeme. Vimeng'enya vilitambaa ndani ya jeli, kila kimoja kwa mwendo wake, na tulipomwaga dawa juu yake ikatokea mistari ya kahawia. Mimea ya koo tofauti ingeonyesha mistari iliyosimama mahali tofauti. Hilo ndilo tulilolingoja.

Mistari ilitoka, na yote ilikuwa sawa. Tulileta majani ya Suneka, mistari ileile. Ya Nyamarambe, ileile. Ya kila kilima cha Nyamira ambacho Daktari alikifikia kwa pikipiki yake, ileile, kama askari wa gwaride. Mwanzoni alikuwa akisema, "Kesho tutajaribu upande ule mwingine." Baadaye alikuwa akiinua tu sinia kuelekea dirishani, analitazama, analiweka chini polepole mno, kana kwamba angelivunja kama angeliweka kwa kasi uliyoitaka moyo wake. Aliacha kula. Mama Savita, aliyeitwa hivyo kwa jina la binti yake aliyekwisha kuolewa, alileta chapati na dengu kila mchana na kukuta sahani ya jana haijaguswa. Siku moja nilimsikia akimkemea Daktari upande wa pili wa pazia.

"Daktari, wewe hapana kula, hapana lala. Hii majani itakuua."

"Mama, ni mimi nilipanda hii kitu. Kila shamba unaona imekufa, ni mimi nilikuja na gari."

"Wewe ilileta kwa roho mbaya?"

"Hapana."

"Basi kula."

Nilisikia kijiko kikigonga sahani mara chache, kisha kikanyamaza.

Katika mashamba yote, tulilolizoea zaidi ni la Moraa, juu kabisa kwenye kilima kimoja cha Nyamira ambako ukungu hauondoki hadi mchana. Moraa alikuwa mwanamke wa makamo, mumewe akifanya kazi mbali, naye alilea watoto wake kwa maua yale. Alitukaribisha kila tulipofika. Tulikaa jikoni kwake, moshi ukituchoma macho, tukala obokima, ugali wa wimbi, kwa mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, na Daktari, aliyekataa chapati za Mama Savita, hapo alikula kwa sababu angeonekana anamdharau mwenye nyumba. Moraa hakuuliza maswali mengi. Alimwita baba, kwa heshima, japo huenda walilingana umri. "Baba, tutapona?" aliuliza kila tulipoaga, na Daktari alijibu, "Tunatafuta, mama."

Siku moja, muda mfupi baada ya mvua kubwa ya mawe kupiga upande ule, tulisaga majani ya Moraa na kukatokea mstari wa ziada. Niliuona mimi kwanza, mwembamba, juu kidogo ya mingine. Tulirudia, ukatokea tena. Daktari aliketi sakafuni akaegemeza kichwa ukutani, machozi yakamtoka bila sauti. Kesho yake tulikuwa kwa Moraa. Majirani zake walikuwa wanang'oa pareto ili wawahi kupanda mahindi kabla mvua za masika hazijapita, naye pia alikuwa ameandaa jembe. Daktari alimwambia, "Mama, usiing'oe. Yako ni tofauti. Ngoja msimu mmoja tu." Moraa alimtazama, akatazama shamba, akarudisha jembe ndani. Naikumbuka njia ya kurudi siku hiyo, Daktari akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili, mimi nyuma ya pikipiki nikicheka.

Alikuwa mwanasayansi mwaminifu, na uaminifu huo ndio uliomvunja. Mtu mwingine angeridhika. Yeye alitaka kujua kama mstari ule unakaa. Tulipochukua tena majani ya shamba lile baada ya wiki kadhaa, mstari haukuwepo. Alifikiri tumekosea, tukarudia, haukuwepo. Basi alichukua mmea mzima tuliokuwa tumeupanda kwenye debe dirishani, mmea ambao tulijua ni wa aina ileile ya kawaida, akayaponda majani yake kidogo kwa nyuma ya kisu, akaacha siku chache zipite, kisha akanipa niyasage. Mstari ulitokea, mwembamba, juu kidogo ya mingine. Ulikuwa mstari wa kidonda. Mmea wowote ukiumizwa unautoa. Tulikuwa tumesoma mvua ya mawe tukadhani tunasoma ukoo.

Alikwenda kumwambia mwenyewe, nami nikamfuata kwa sababu nilihofia asingerudi. Kufikia wakati huo mahindi ya majirani yalikuwa yamefika kiunoni. Shamba la Moraa lilikuwa limekauka, kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtoto wake mkubwa alikuwa ameondolewa shule. Hakukuwa na obokima siku hiyo, kulikuwa na ndizi mbichi za kuchemsha, chache, na tulizikataa wote wawili tukisingizia kwamba tumekula. Daktari alimweleza kila kitu kwa Ekegusii chepesi, bila kujificha nyuma ya maneno ya shule: mstari, kidonda, mawe, makosa yake.

Moraa alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo hii yangu na ya jirani ni moja," alisema.

"Ni moja."

"Na ulijua lini?"

"Juzi."

"Mimi nilijua watoto walipoanza kulala mapema ili wasisikie njaa," alisema, akainuka akaenda kuwafungulia mbuzi. Hakurudi. Tulikaa jikoni mle tukisikia kengele ya mbuzi ikienda mbali, kisha tukaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo chumba kile kilikuwa kigumu kuingia. Daktari alinyoa ndevu siku moja moja. Rafiki yake wa Nairobi alimtumia dawa ya kuonyesha kimeng'enya cha aina nyingine, na safari hii kabla ya kufurahia chochote tuliponda majani, tukayanyima maji, tukayaweka juani, tukachukua machanga na mazee. Mistari haikubadilika. Hatimaye tulikuwa na alama ya kweli, ya ukoo na si ya mateso, nayo ilitwambia jambo lilelile: vilima vyote, mmea mmoja. Ofisi ilitaka jibu kabla ya mwaka wa kazi yetu kwisha. Daktari akaandika kwamba hakuna tofauti iliyobaki, na kwamba pareto yote ing'olewe na kuchomwa ili udongo upumzike. Niliipiga chapa taarifa hiyo kwa mkono wangu. Alipoitia sahihi alisema, "Angalau sasa nasema kweli," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagiza jeneza.

Mama Savita naye alikuwa na yake. Leseni ya duka haikutolewa upya, kama za Wahindi wengi wakati ule, na alitakiwa kulikabidhi kwa mwenye duka mpya kabla ya mwaka kwisha. Alizaliwa Kisii, hakuwahi kuishi mahali pengine, na watoto wake walikuwa wamemtumia tikiti ya kwenda Uingereza ambako, mbali na wao, hakumjua mtu. Alikuwa akipanga vitambaa kwenye makasha huku akivinusa kimoja kimoja. Mwenye duka mpya alitaka ua wote umwagiwe saruji. Asubuhi moja Mama Savita alikuwa anafyeka magugu uani ili mafundi waanze, nami nilikuwa nikisafisha masinia dirishani, nikaona mkono wake umeshika majani membamba yaliyokatikakatika kama manyoya, na mengine ya namna hiyo yamesimama palepale tulipozoea kumwaga takataka zetu za maabara.

"Mama, usiondoe hiyo," nilimwambia.

"Hii ni majani tu. Imeota kwa taka yenu."

Nilimwita Daktari. Alisimama mlangoni bila kusogea. Pale tulikuwa tumetupa maua makavu ya shamba la Moraa, yaliyochelewa kuchumwa, na mbegu zake zilikuwa zimeota. Kwa mtu mwingine yeyote lilikuwa jambo dogo. Lakini pareto haijizalishi. Chavua ya mmea ikiangukia ua la mmea uleule, mbegu inakuwa ganda tupu, na kwa kuwa vilima vile vyote vilikuwa mmea mmoja, hakuna ua lililopaswa kuwa na mbegu hai.

"Hii miche ina baba," Daktari alisema. "Kemunto, ina baba wa kwingine."

Agari ilikuwa imebaki chini kabisa ya kopo. Niliikwangua yote, nikaongeza jeli za zamani nilizozichemsha tena, nikapata sinia moja lililojaa nusu. Nilisaga jani dogo la kila mche. Mistari ilipotokea, mmoja, wa mama, ulisimama mahali tulipozoea na mwingine, wa baba, mahali ambapo hatukuwahi kuona mstari mwaka mzima, na haukuwa wa kidonda. Daktari hakulia safari hii. Alivaa koti akasema, "Baba yao yuko karibu na kwa Moraa. Wadudu hawabebi chavua mbali. Twende."

Tuliuona moshi kabla hatujapanda kilima. Ulikuwa mchana mweupe, hakuna upepo, na kutoka kila shamba moshi ulipanda wima. Watu walikuwa wanatii amri. Pareto iling'olewa, ikalundikwa, ikachomwa, na amri hiyo ilitoka kwenye taarifa yake mwenyewe. Daktari aliiangusha pikipiki kando ya barabara akakimbia kutoka lundo hadi lundo, akipekua kwa mikono, akiwauliza watu kama kuna mmea uliobaki mbichi, wowote, mahali popote. Walimtazama kwa huruma. Mzee mmoja alimwambia, "Daktari, si wewe uliyesema yote?" Nilimkuta amekaa kwenye tuta, viganja vimebabuka, anatazama mbele. Nilikaa kando yake. Nilikuwa kijana, nilidhani watu wazima wakifika mwisho wa nguvu zao kuna mlango mwingine wanaoujua, na siku ile niliona hakuna.

Miche ilikuwa imebaki ile ya uani tu. Ofisi ilisema suala hilo limefungwa na haikuwa na kitalu cha kutupatia. Chumba alichopanga Daktari cha kuishi hakikuwa na hata kipande cha bustani, na miche ile ilihitaji baridi ya juu. Mimi ndiye niliyesema jina la Moraa. Daktari alitikisa kichwa. Mama Savita, aliyekuwa akitupatia madebe ya mafuta ya kubebea, alisema bila kuinua macho, "Yeye atakufukuza. Basi wewe fukuzwa, lakini kwenda."

Tulimkuta Moraa shambani, anaandaa ardhi nyeusi yenye majivu kwa ajili ya mahindi. Hakuacha kulima. Daktari alisimama na debe mikononi kama mgeni asiyejua aweke wapi zawadi, akaeleza habari ya mbegu.

"Mara ya kwanza uliniambia ng'oa," Moraa alisema, "nikang'oa pareto ya mama mkwe wangu, akafa hajanisamehe. Mara ya pili ukaniambia usiing'oe, tukalala njaa. Mara ya tatu mkatuma watu kusema ng'oa tena, nikachoma. Leo unaniambia nipande."

"Leo sikuambii, mama. Nakuomba. Na sijui kama itastahimili. Huenda ikafa kama nyingine."

Aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta, akageuka, akarudi kwetu. Nitasema hapa yaliyofuata baadaye, ili nisidanganye mtu: mingi ya miche ile ilikufa. Michache haikufa, na vipande vyake vikapandwa vilima viwili vitatu, lakini mashamba ya chai yalikuwa tayari yanateremka kutoka juu, na pareto haikurudi kuwa ilivyokuwa. Mama Savita aliondoka mwezi huohuo. Daktari alipata kazi kwingine na vyeo vile walivyovisoma kaburini. Lakini siku ile hakuna aliyejua lolote kati ya hayo. Moraa alimnyooshea mpini wa jembe.

"Basi chimba wewe," alisema. "Ikiwa ni uongo tena, uwe umeuchimba kwa mikono yako."

Daktari aliniachia debe, akavua koti, akashika jembe kwa viganja vyake vilivyobabuka. Alichimba ukingoni mwa shamba, viatu vya ofisini vikizama kwenye majivu, na Moraa akamfuata nyuma shimo kwa shimo, akiingiza mkono kupima kina. Kwenye shimo la kwanza alitikisa kichwa. "Chini zaidi," alisema, na Daktari akainama tena.